Mombasa si mji wa kununua kwa gunia

Ushauri wa kununua vitu kwa wingi ili upate nafuu, aliyeutoa hajakaa Mombasa. Nafuu ipo, sikatai, lakini ni ya dukani. Njoo jikoni mwezi wa Februari, kaskazi inavuma na jasho linakutoka ukiwa umekaa tu. Unga uliofunguliwa haukawii kuingia fukusi. Chumvi inalowa maji. Vitunguu vinaota majani, vingine vinaoza kwa ndani huku nje vinang'aa. Zile shilingi ulizookoa kwenye gunia zote zinaishia kwenye pipa la taka.

Basi mimi hununua kidogo kidogo. Taabu ni kwamba siku hizi kidogo huuzwa kwa pakiti: majani ya chai, sabuni ya unga, viungo, kila kitu na kijikaratasi chake cha plastiki. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 ilihusu mifuko ya kubebea, haikugusa vifungashio vya viwandani. Ndiyo maana mitaro yetu bado imejaa pakiti. Kinachobaki ni kupimiwa, na kupimiwa kuna adabu yake.

Duka la Mshihiri, Mwarabu wa asili ya Yemeni, wa mtaani kwetu bado lina magunia yaliyokunjwa midomo: mchele, pojo, kunde, sukari. Nakwenda na mikebe yangu, na neno langu la kwanza baada ya salamu ni, "Ami, nipimie mkebe mtupu kwanza." Usiposema hivyo utalipia bati kwa bei ya mchele. Mwanzo alikuwa akinitazama kama mtu aliyetumwa kumkagua mizani. Sasa anaupokea mkebe huku anaendelea kuzungumza na simu. Mafuta ya kupikia natilia chupa ile ile, ila naianika mpaka ikauke kabisa, maana maji yakibaki ndani mafuta huharibika upesi.

Ule mfuko laini unaoonekana kama kitambaa usikudanganye. Mingi ya namna ile imetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki vilevile, na hukatika mikono kabla hujafika stejini. Kikapu cha ukili kinatosha.

Sokoni kuna hila ya fungu. Unataka nyanya mbili za mchuzi, mbele yako kuna fungu la nyanya nane, na kwa kuwa jioni bei imeshuka unaona umeokota. Nyanya za jioni zimeshalainika. Kama huzipiki usiku ule ule, ziache. Au omba, "Mama, nigawie nusu fungu." Wengi hukubali, hasa ukiwa mteja wao. Maembe ya msimu Marikiti huwa sichagui mwenyewe. Namwambia muuzaji nataka la kula leo na mawili ya keshokutwa, naye anayabonyeza kwa kidole gumba na kunipa. Mkono wake unayajua kuliko wangu. Nazi nakuniwa sokoni, bakuli lenye kifuniko ninalo kikapuni. Machicha huenda kwa kuku wa jirani.

Lakini mwezi ambao chakula hutupwa kweli ni Ramadhani, na hili tunalijua sote tukalinyamazia. Mtu aingie sokoni alasiri, amefunga, na harufu ya viazi karai na kaimati imjie kutoka kila upande! Atanunua kwa macho. Mimi huenda asubuhi, daku likiwa bado tumboni, na kabla ya kutoka natazama friji. Kisha nahesabu sahani zitakazokuja, maana huku jirani hafuturu bila kukuletea chochote. Ukijua mama wa chini ataleta sambusa na wa ng'ambo mkate wa sinia, wewe pika vitu viwili uridhike. Tumeshaanza kuulizana mchana nani anapika nini. Wapo walioona ni uchoyo, mpaka walipoacha kumwaga mbaazi zilizochacha kila asubuhi.

Wanaokumbuka jaa la Kibarani wanajua uvundo uliokuwa ukitupokea tukiingia kisiwani. Uvundo ule si wa chupa wala makopo. Ni wa chakula kinachooza. Sasa taka hupelekwa Mwakirunge, mbali na pua zetu, lakini si mbali na pua za wanaokaa huko.

Mkate nimehamia boflo za tanuri, zinaingia kikapuni zikiwa moto ndani ya kitambaa changu, hakuna karatasi. Pampasi za mtoto ndizo zimenishinda. Usiku namvika nepi za kitambaa na zinakwenda vizuri. Mchana anapobaki kwa bibi yake, bibi hataki hata kuzisikia, na mimi sina ubavu wa kubishana na mamangu.