Mfalme amekufa ila mashamba bado yake: nnavyotumia himaya za kale kwenye gemu zetu za mezani

Kampeni ya kwanza niliyoendesha mwenyewe, yaani hadithi moja ndefu ya gemu la kusimuliana mezani, ilikufa wiki ya tatu, na kilichoiua ni mashuka. Nilikuwa nimeichukua Roma kama ilivyo nikabadilisha majina tu, maseneta wamejifunga mashuka meupe, majeshi yanatembea kwa mistari, na jemedari mmoja anapendwa na wananchi kupita kiasi, basi jamaa yetu mmoja pale mezani ambaye historia anaisoma kama wenzie wanavyosoma magazeti ya michezo akaweka dadu chini akasema "huyu maseneta watamchoma visu, haya tuendelee". Na ndo nilichokuwa nimepanga! Wiki mbili nzima naandika kwenye daftari, kumbe nawasimulia watu habari za Julius Caesar, mwaka 44 kabla ya Kristo.

Kwa ambao hawajawahi kukaa kwenye hizi gemu, ni hivi, mmoja anasimulia dunia, wengine kila mtu ana mhusika wake anasema anafanya nini, pakiwa pagumu dadu inaamua. Skrini hakuna. Kwa hiyo dunia yako ikiwa ya kuungaunga watu wanaishtukia mapema sana.

Siku hizi nikitengeneza dola, yaani himaya siyo pesa, mavazi nayaacha mwisho kabisa. Nauliza kwanza kodi inalipwaje, habari inatokaje mpakani mpaka ikulu, na mfalme akifa inakuwaje. Hapo kwenye mfalme akifa ndo penye utamu wenyewe.

Dola ninayoipenda kuliko zote ni ya Wainka, kule milima ya Andes, Amerika ya Kusini, wenyewe waliiita Tawantinsuyu, yaani sehemu nne kwa pamoja, mji mkuu wake Cuzco. Mfalme wao akifa mwili ulikaushwa ukavishwa vizuri, na mali zake, mashamba, majumba, watumishi, zilibaki kuwa ZAKE, wanaozisimamia ni ukoo wake, panaqa. Mfalme mpya anarithi kiti na madaraka, mali akajitafutie. Marehemu analetwa kwenye sherehe, anawekewa chakula na pombe ya mahindi, ana mtu wa kumsemea, na Wahispania walioandika habari zile wanasema hao marehemu walikuwa hata wanatembeleana. Sasa piga hesabu, kila kizazi mashamba mazuri yanashikwa na waliokufa, mfalme kijana afanye nini kama siyo kwenda kuteka nchi nyingine? Wapo wataalamu wanaoona hiyo ni moja ya sababu dola ilitanuka haraka vile. Na mfalme mmoja, Huáscar, alipoanza kulalamika kwamba wafu wamejimilikisha vitu vyote vizuri, zile koo zikamchukia, akaingia kwenye vita na ndugu yake Atahualpa akashindwa, na Atahualpa hata hajamaliza kushangilia, tarehe 16 Novemba 1532 Mhispania Pizarro na watu wake 168 wakamkamata pale Cajamarca.

Umeona hapo? Sheria moja tu ya mirathi, imezaa vita, imezaa maadui, imezaa watu wenye sababu za kufanya wanachofanya. Hiyo ndo ya kuchukua. Manyoya na dhahabu utaweka baadaye, au usiweke.

Mimi niliichukua nikaipeleka kwenye dola ya visiwani, hakuna mlima hata mmoja, watu wanavua na kufanya biashara. Wachezaji wangu wakaenda mjini kuomba kibali cha kutumia bandari ndogo, karani akawajibu vizuri tu kwamba mwenye bandari yupo, atawaona alhamisi baada ya chakula cha mchana, ila wajue amefariki miaka tisini iliyopita. Wakacheka wee. Halafu wakaanza kuulizana zawadi gani inamfaa maiti, na huyo mama anayemsemea anapokea chochote pembeni au ni mcha Mungu kweli, jioni nzima ikaishia hapo bila mtu kuchomoa upanga.

(Neno nililotumia siku hiyo la mwili uliokaushwa lilinichemsha, maana nilisema "mumia" na nusu ya meza wakasikia mumiani, wakaanza kukumbushana zile hadithi za utotoni za watu wanaonyonya damu. Mwingine akasema kumbe ni mizimu tu. Nikamwambia mzimu wa kwenu una mawakili?)

Nilichemka zaidi kwenye pesa. Wainka hawakuwa na sarafu. Kodi yao ilikuwa kazi, mit'a, unaenda zamu yako kujenga barabara au kulima shamba la serikali au vitani, na serikali inakulisha toka kwenye maghala yake, na hesabu zote zipo kwenye khipu, zile kamba za mafundo zenye watu maalum wa kuzisoma. Nikasema safi, naweka hivyo hivyo. Sesheni ya kwanza wachezaji wakapata sanduku la dhahabu, wakafika mjini, hakuna anayeitaka. Mmoja alinuna kabisa, "sasa tunapigania nini?" na alikuwa na haki yake, kwa sababu nilimwondolea raha ya gemu bila kumpa nyingine. Nilichofanya ni kila kazi wanayoifanyia dola inafungwa fundo kwenye kamba yao, na mafundo ndo yanafungua maghala, siku ya tatu huyohuyo aliyenuna akawa anapanga jinsi ya kumteka msoma kamba. Kwa hiyo ukichukua kitu cha historia kinachowanyima wachezaji kitu walichozoea, hakikisha umewaandalia mbadala kabla hawajakaa mezani.

Watu huniuliza mbona siweki Kilwa. Naweka, ila siweki misikiti na minara tu, nachukua upepo. Kaskazi inaleta majahazi, kusi inayarudisha, katikati hapo mfanyabiashara amekwama kwako miezi, lazima ale, alale, akopeshwe, aoe. Ukiweka upepo wa hivyo kwenye ramani yako, wageni wanakuwa wakwe wa watu, na adui wa wachezaji hawezi kukimbia mpaka msimu ugeuke.

Kwa mhusika mmoja mmoja, hakuna kama Waosmani, wale watawala wa dola ya Uturuki. Walikuwa na devşirme, wanachukua wavulana wa Kikristo kutoka Balkan, kusini-mashariki mwa Ulaya, wanasilimishwa, wanafundishwa, wanakuwa askari na watawala. Sokollu Mehmed Pasha alichukuliwa hivyo kutoka Bosnia, akapanda mpaka akawa waziri mkuu toka 1565 hadi alipouawa 1579, na akaenda kujenga daraja kubwa la mawe juu ya mto Drina pale Višegrad, karibu na kwao. Mpe mchezaji historia kama hiyo halafu muulize swali moja, ukirudi kijijini na jeshi, mama yako atakupokeaje? Kuna dada mmoja kwenye kundi letu aliijibu hilo swali kwa dakika ishirini na sikumkatiza.

Tahadhari moja tu nitaisema. Wainka siyo watu waliotoweka, lugha yao ya Kikechua inaongewa na mamilioni mpaka leo Peru, Bolivia na Ecuador. Walitoa kafara za watoto, ndiyo, lakini ukichukua hilo peke yake ukaacha maghala na barabara za zaidi ya kilomita 30,000 umetengeneza mashetani, na mtu wa kule akikaa mezani kwako utaona aibu. Kwa hiyo majina yao siyatumii, na ubaya wa dola yangu nautoa kwenye sheria zangu mwenyewe, kwa mfano yule maiti wa bandari anadai kodi kwa watoto wa watu waliozama baharini.

Na kuhusu hilo, jumamosi hii wachezaji wanampeleka mahakamani. Nimeshawaandaa mawakili wake watatu, wawili wamekufa.