Baharia mbele ya karani: majibu ya maswali yenu

Safu iliyopita iligusia Mahakama Kuu ya Admirali, iliyoamua kesi za bahari mjini London. Maswali yameingia mengi. Haya hapa manne.

Baharia wa karne ya 17 alisimama kizimbani akabanwa na mawakili? (Msomaji, Tanga)

Kwenye kesi za madai, hapana. Mahakama ile ilifuata taratibu zenye asili ya sheria ya Kirumi. Baharia aliapa, kisha akahojiwa faraghani, wenye kesi hawapo. Aliulizwa kipengele kwa kipengele cha hati ya madai, halafu yakaja maswali ya upande wa pili: nani kakuleta? Kesi ikiisha hivi, wewe unapata nini? Karani anaandika. Jaji aliletewa karatasi tu, uso wa shahidi hakuuona. Mimi nisingependa kuhukumiwa hivyo.

Basi maneno tunayosoma ni yake kweli? (Msomaji, Mombasa)

Nusu yake, nusu ya karani. “Mimi” iligeuzwa kuwa “shahidi huyu”, na nahodha akawa “nahodha aliyetajwa”. Juu kabisa utakuta jina, mtaa (mara nyingi Wapping, Shadwell au Stepney, mashariki mwa London), kazi, na umri wa kukadiria, tuseme “miaka 30 au karibu na hapo”. Chini kuna sahihi. Asiyejua kuandika alitia herufi mbili za jina lake au alama yake. Ila ikifika kwenye kamba ya nanga iliyokatika au pipa la mvinyo lililovuja, karani wa nchi kavu angeyatoa wapi maneno? Hapo ndipo baharia anasikika.

Waligombania nini hasa? (Msomaji, Bukoba)

Mishahara, kwa sehemu kubwa. Mabaharia waliweza kufungua kesi moja kwa pamoja na kuomba meli yenyewe ikamatwe. Lakini kanuni ilikuwa kwamba nauli ya shehena ndiyo mama wa mshahara: chombo kikizama kabla ya kufikisha mzigo, hakuna nauli, na baharia anarudi mikono mitupu. Mzigo ukiharibika kwa uzembe wao, walikatwa mshahara. Kwa hiyo swali la kama mvinyo ulimwagwa na dhoruba au na upakiaji mbovu liligusa mfuko wa shahidi mwenyewe. Soma ushahidi wao ukilijua hilo.

Na maharamia? (Msomaji, Zanzibar)

Wao, tangu sheria ya 1536, walihukumiwa hadharani mbele ya baraza la waamuzi raia. Mwaka 1701 Kapteni William Kidd, ambaye mwaka 1697 alikuwa ametia nanga Comoro, alishtakiwa kwa uharamia na kuwakabili mashahidi waliokuwa watu wa meli yake: tabibu Robert Bradinham na baharia Joseph Palmer. Aliwahoji mwenyewe, akawaita waongo. Wao walisamehewa, yeye akanyongwa Wapping.