Ya Tab na mabano mwachieni mashine

Kama mnaanza kuandika programu mkiwa timu, hata ya watu wawili, chagueni mapema chombo cha kupanga msimbo, yaani programu inayonyoosha nafasi na mistari ya mnachoandika, kisha mkiache kifanye kazi yake. Wa lugha ya Go wana gofmt, wa Python wana Black au Ruff, wa JavaScript wana Prettier. Msiitishe kikao cha kujadili mstari uishie herufi ya 80 au ya 100. Vikao hivyo nimevikalia, na sijaona mtu akitoka amebadili msimamo. Mtu wa Tab, anayesogeza mistari ndani kwa kitufe cha Tab badala ya nafasi, huingia na Tab yake na kuondoka nayo.

Shida ni kwamba kila mmoja ana hoja. PEP 8, mwongozo wa Python wa mwaka 2001, unataka nafasi nne na mstari usiozidi herufi 79. Black ikaamua 88. Wa kernel (kiini cha mfumo) ya Linux wanatumia Tab yenye upana wa herufi 8, na mwongozo wao unasema bila kupepesa macho kwamba ukihitaji zaidi ya ngazi tatu za kuingia ndani, kaitengeneze programu yako. Na hiyo 80 tunayoipigania chanzo chake ni kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928, zilizokuwa na safu 80. Wengi wetu hata hatujawahi kuishika.

Hasara ya ubishi huu ni kile unachokifunika. Kwenye mradi mmoja wa malipo, fanksheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) iitwayo `hifadhiMalipo` ilipita kwenye uhakiki ikiwa na maoni chungu nzima, yote ya mabano: `{` ikae mwisho wa mstari au ishuke mstari wa chini? Hakuna aliyeuliza kwa nini fanksheni ya kuhifadhi inamtumia mteja SMS. Baadaye mwenzetu akaiita ndani ya kitanzi, msimbo unaojirudia, ili asahihishe rekodi za zamani, na wateja wakaamshwa usiku na ujumbe kwamba malipo yao yamepokelewa, malipo ya miezi iliyopita. Simu za asubuhi yake sizisimulii. Ingeitwa `hifadhiNaTumaSms`, asingeigusa. Kwa hiyo kama mna hamu ya kubishana, bishaneni kuhusu majina.

Sisemi mpangilio ni urembo mtupu. Februari 2014 Apple walitoa marekebisho ya haraka ya iOS kwa sababu ya mstari uliojirudia: `goto fail;`, amri ya kuruka kwenda sehemu nyingine ya msimbo, mara mbili, mmoja juu ya mwingine, chini ya `if` (sharti) isiyo na mabano. Yote miwili ilikuwa imeingizwa ndani sawasawa, jicho likaisoma kama yote ni ya ile `if`. Lugha ya C haiangalii nafasi. Mstari wa pili ukawa unatekelezwa kila mara, ukaguzi wa saini ukarukwa, na mtu aliyejipenyeza kati ya simu na seva angeweza kujifanya ndiye seva. Chombo cha kupanga kingeurudisha ule wa pili kushoto, mahali pake halisi, na mhakiki angeushtukia.

Mradi ukiwa mkongwe, fanyeni usafi wote kwa komiti moja (badiliko linalohifadhiwa na Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo) isiyobeba kitu kingine, wakati kazi za watu zinazosubiri kuunganishwa ni chache. Mkichanganya usafi na marekebisho ya kweli, mhakiki ataona mamia ya mistari imegeuka rangi, atachoka, atakubali, na kosa litapita humohumo. Namba ya komiti hiyo iandikeni kwenye faili la `.git-blame-ignore-revs`, kisha kila mmoja aendeshe `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs`. Git ina uwezo huo tangu toleo 2.23 la mwaka 2019. Bila hivyo, git blame, amri inayoonyesha nani aliandika mstari upi, itadai mradi mzima umeandikwa na yule maskini aliyeendesha chombo. Halafu seva ya majaribio ikatae msimbo usiopangwa. Mtu akikataliwa na mashine hanuni, lakini akikataliwa na mwenzake kwa ajili ya nafasi mbili, chakula cha mchana hakiliki.

Hoja iliyonigeuza mimi haikutoka kwenye kikao. Ilitoka kwa waandishi wa programu wasioona. Kifaa cha breli, kinachoonyesha maandishi kwa nukta za kugusa, kina seli (nafasi za herufi) chache kwa mstari, mara nyingi 40 au pungufu, na kila nafasi inakula seli yake. Ukiingia ngazi tatu kwa nafasi nne nne, seli 12 zimekwisha kabla ya herufi ya kwanza. Tab inaweza kuchukua seli moja tu. Timu yenu ikiwa na mtu wa namna hiyo, wekeni `useTabs: true` kwenye mipangilio ya Prettier, na wale wa nafasi watazoea.