Kabla ya Kwenda Ufukweni Malindi na Watamu, Utazame Mwezi

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu Watamu, tuliondoka Malindi mapema kwa matatu, tukashuka Gede na kupanda tuktuk, na ilipotimu saa nne asubuhi tulikuwa tumesimama juu ya mchanga mweupe tukiitafuta bahari. Maji yalikuwa yamekupwa kiasi kwamba vile visiwa vidogo vya mawe, ambavyo kwenye picha huonekana vimezungukwa na maji ya buluu, vilikuwa vimekaa katikati ya majani na vidimbwi. Kitindamimba wangu alikimbilia kwenye miamba pekupeku, akarudi analia, wayo wake umechomwa na miiba mitatu myeusi ya mnyama wa baharini. Mvuvi mmoja aliyempaka utomvu wa papai bichi aliniuliza swali moja tu: "Kwani dada, jana usiku hukuutazama mwezi?"

Sisi watu wa bara hupanga safari kwa kufuata likizo za shule, ilhali bahari ina kalenda yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa kwa maji inaweza kukaribia mita 4. Katika mwambao huu, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi jioni. Juma moja baadaye huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana, na wakati huo asubuhi hufaa kuogelea, kwa kuwa kila siku saa za maji husogea mbele kwa takribani dakika 50. Kwa hiyo, likizo yako ikiangukia bamvua, usilazimishe kuogelea asubuhi. Nenda hori ya Mida, karibu na Watamu, ukawaangalie ndege wakila kwenye matope, au ukodi mashua Mayungu, kati ya Malindi na Watamu, ambako maji yakipwa ndipo fungu la mchanga hujitokeza baharini, kisha urudi ufukweni baada ya saa nane mchana.

Jambo la pili ni Mto Sabaki, unaomwaga maji yake kaskazini ya Malindi. Huo ndio ule ule Mto Athi wa kwetu bara, nao hubeba udongo wa mashamba yetu hadi baharini (sina hakika kama tunastahili kulalamika). Mvua zikinyesha bara na upepo wa kaskazi ukiwa umeanza, mkondo huusukuma udongo huo kusini, na ghuba ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Siku hizo mimi hushuka hadi Watamu, kiasi cha kilomita 25, ambako maji kwa kawaida hubaki safi. Kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, inapovuma, udongo huelekea kaskazini, upande wa Mambrui, ingawa bahari huchafuka kwa mawimbi.

Malindi na Watamu zote zina hifadhi za bahari zilizotengwa tangu mwaka 1968, na ada ya kuingia hulipwa kwa njia ya mtandao, hivyo ikamilishe kabla hujafika. Bei ya mashua ni suala jingine: patana na nahodha mkiwa bado nchi kavu, na umuulize waziwazi iwapo ada ya hifadhi imo ndani ya bei hiyo. Mimi niliwahi kulipa mara mbili kwa kuona haya kuuliza. Usishangae ukisalimiwa kwa Kiitaliano kwanza, kwani Malindi ina wageni wengi kutoka Italia; jibu kwa Kiswahili, na mara nyingi bei itashuka kidogo.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi na fukwe hizo tangu Juni 2020, basi beba chupa ya kudumu. Na kwa watoto, nunua viatu vya plastiki vya sandak kabla hujaondoka nyumbani, uwavalishe hata kama watakataa.