Shangazi, mume wangu Mskoti anafurahi Uingereza ikifungwa

*Shangazi, shikamoo. Mimi Mzanzibari, naishi Manchester na mume wangu Mskoti aliyesilimu tukaoana. Tuna wavulana wawili, wamezaliwa hapa. Mume ni mwema, lakini ukija mpira simtambui. Julai 2024 Uingereza ilipofungwa na Hispania 2-1 kwenye fainali ya Euro, alirukaruka sebuleni huku mwanetu mkubwa akilia. Novemba 2025 Uskoti walipoifunga Denmark 4-2 wakafuzu Kombe la Dunia, alitoa machozi, akampigia mama yake, wakaongea mpaka usiku wa manane. Sasa anataka kuwavalisha wanangu jezi za Uskoti. Nimekataa, hawa ni Waingereza. Tena amenuna tangu niliposafisha kabati nikapeleka nguo kuukuu duka la misaada, pamoja na fulana iliyotoboka ambayo marehemu baba yake aliivaa Wembley mwaka 1977. Si kwamba sipendi mpira. Mwaka 2017 Zanzibar Heroes walipowafunga Bara 2-1 nililia kwa furaha! Lakini huyu anaichukiaje nchi inayomlisha? Nidai talaka?*

Marahaba, mwanangu. Mtu mzima kushangilia mbele ya mtoto anayelia ni utovu wa adabu, na umwambie Shangazi ndiye aliyesema. Pole yangu inaishia hapo.

Jambo lenyewe umelificha kwenye usafi wa kabati. Umegawa fulana ya marehemu bila kumuuliza mwanawe, kisha unashangaa amenuna! Unajua Wembley 1977 ni nini kwa Mskoti? Waliwafunga Waingereza 2-1 nyumbani kwao, wakamiminika uwanjani, wakavunja magoli, wakang'oa vipande vya nyasi wakaondoka navyo. Mkweo alikuwepo siku hiyo. Kabla ya kufuzu huko, Kombe la Dunia la mwisho Uskoti kucheza lilikuwa la 1998, na mzee amekufa akisubiri jingine. Usiku ule wa Denmark mumeo alikuwa anamlilia baba yake, na mtu wa kumwelewa alikuwa mama yake tu. Wewe ulikuwa chumbani unaangalia saa. Mimi naona hapo pia pana neno: mavyaa wako anakukera kuliko jezi, ila umeona aibu kuliandika.

Halafu hii ya "nchi inayomlisha". Nani kakwambia Mskoti ni mgeni Manchester? Mwaka 1603 mfalme wa Uskoti ndiye aliyerithi kiti cha Uingereza, na mwaka 1707 mabunge yakaungana. Pasipoti unayoitembeza ni ya wote. Mwaka 2014 Waskoti waliulizwa kwa kura kama wanataka kujitoa, asilimia 55 wakasema tubaki. Mtu anaweza kuutaka muungano na bado akaomba mwenzake afungwe tatu bila. Mechi ya kwanza ya kimataifa duniani ilikuwa yao hao wawili, Glasgow, mwaka 1872, ikaisha 0-0, na tangu siku hiyo hawajamaliza maneno. Waskoti ni kama milioni 5 na nusu, Waingereza ni zaidi ya milioni 56. Kila mashindano yakianza, watangazaji wa televisheni humkumbusha mumeo Kombe la Dunia walilotwaa Waingereza mwaka 1966. Yeye afanyeje kama si kujibu kwa 1967, Waskoti walipowachapa mabingwa hao 3-2 palepale Wembley wakajitangaza kuwa mabingwa wapya wa dunia? Ni utani, mwanangu, japo una pilipili. Andy Murray wa tenisi alitania mwaka 2006 kwamba atamshangilia yeyote atakayecheza na Uingereza, na wasiojua kutaniwa wakamwandama miaka na miaka.

Siku utakayomsikia akiwatukana majirani, au akimwambia mwanao yeye si damu yake kwa sababu anaipenda Uingereza, niandikie tena. Hapo nitakuwa upande wako, na kwa sauti kubwa.

Lakini kwa leo, hebu rudia kusoma barua yako. Ulilia kwa furaha Bara walipofungwa. Bara hao si ndio tuliounganika nao Aprili 1964? Je, siku ile uliichukia Tanzania? Ulitaka kuchana kitambulisho? Hukutaka. Ulifurahi kwa sababu visiwa vya watu wasiofika milioni 2 vimemtoa jasho mkubwa wao. Basi mwenzio naye ana roho hiyohiyo. Nyani haoni kundule.

Mabinti wa siku hizi mnanichosha. Mnataka mume kama kuku wa kisasa, katotolewa na mashine, hana mama, hana kijiji. Mnampenda akiwa peke yake uwanja wa ndege, akianza kuwataja kina babu mnaona amebadilika. Wa kwako ameacha bia, ameacha dini ya wazazi wake, na ninaamini kanzu alivaa na pweza alikula alipoletwa Unguja kwa wakwe. Alichobaki nacho cha kwao ni jezi tu, na hiyo nayo umeitoa. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Talaka? Kadhi atakuuliza kosa la mume ni lipi, nawe utamjibu Denmark?

Kesho asubuhi nenda kwenye lile duka la misaada uliloipeleka fulana, uulizie. Ikiwa imeshanunuliwa, usimfiche mumeo. Jumapili mpigie mavyaa wewe mwenyewe, umwombe awasimulie wajukuu habari za babu yao, simu iwe na sauti wote wasikie. Jezi wachague watoto. Mdogo akitaka ya Uskoti avae, mkubwa akitaka ya Uingereza anunuliwe, tena baba yake ndiye atakayelipa.