Ukitaka mashine inuse, ifundishe kwanza hewa safi

Mtoto anayejifunza kuprogramu akishawasha na kuzima taa ya LED, akaliza baza (kidude cha mlio), akasoma joto la chumba, hufika mahali akauliza: "Mwalimu, baada ya hapo?" Zamani nilikuwa nawapa kihisi cha umbali au cha mwanga. Siku hizi nawapa harufu. Nafundisha watoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili kila Jumamosi hapa Morogoro, na sijaona mradi mwingine unaowafanya wabishane, wanuse, waandike namba, kisha wiki inayofuata wanikute mlangoni wakinisubiri. Ila mimi nilianza vibaya, na kwa kuwa naona walimu na wazazi wengi wakianzia palepale nilipoanzia, acha niwaeleze yaliyonikuta.

Kihisi changu cha kwanza kilikuwa MQ-3. Ni kibao kidogo chenye pini nne, juu yake kuna kichwa cha mviringo kilichofunikwa wavu wa chuma. Wako ndugu zake wengi: MQ-2 hutumika kwa moshi na gesi ya kupikia, MQ-135 kwa amonia na hewa chafu kwa jumla, na huyu MQ-3 kwa mvuke wa pombe. Usiku nyumbani nilikiunganisha na Arduino Uno, bodi ndogo inayoendesha programu, nikasogeza pamba yenye spiriti, namba ikapanda kutoka mia mbili na kitu hadi kupita 600. Nikaandika kwenye programu: ikizidi 400, lia. Ikalia. Nikaona kazi imekwisha.

Asubuhi darasani, baza ililia tangu nilipochomeka waya. Spiriti ilikuwa bado ndani ya chupa. Chumba kilikuwa kimetoka kupigwa deki kwa sabuni yenye manukato, kihisi kimetoka kwenye mkoba kikiwa baridi, na kilikuwa kinasoma zaidi ya 400 kabla hatujakionesha chochote. Watoto ishirini wananitazama. Nikapandisha kiwango hadi 650. Baada ya robo saa kihisi kikapata moto, namba zikashuka zenyewe, na sasa hata pamba ya spiriti haikuweza kuliza baza. Saa nzima ikaishia hivyo, mimi nahangaika na namba moja.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba ile namba ndiyo harufu. Siyo. Ndani ya ule wavu kuna oksidi ya bati inayopashwa moto. Oksijeni ya hewani hujishika juu yake na kuzikamata elektroni, kwa hiyo umeme unapita kwa shida. Mvuke wa pombe ukifika huungana na ile oksijeni, elektroni zinaachiliwa, umeme unapita kirahisi, na volti kwenye AO, pini inayotoa kipimo cha kihisi, inapanda. Arduino Uno huigeuza volti hiyo kuwa namba kati ya 0 na 1023. Ni hivyo tu. Namba inakwambia umeme umepita kwa urahisi kiasi gani. Haikwambii aliyefungua njia ni spiriti, ni marashi, ni sabuni ya deki, au ni unyevu wa mvua iliyonyesha alfajiri. Na vihisi viwili vilivyotoka boksi moja vinaweza kusoma namba tofauti vikiwa meza moja, hewa ileile.

Nilichokuja kukielewa nilikuwa nimeishi jirani nacho miaka yote. Hapa mjini kwetu, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Magawa, panya aliyezaliwa na kufundishwa hapa kisha akapelekwa Kambodia, alisaidia kugundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya ushujaa na PDSA, shirika la kuhudumia wanyama la Uingereza. Hakuna anayeweza kumweleza panya kwa maneno TNT, kilipuzi cha ndani ya bomu, inanukaje. Anawekewa chenye harufu na kisicho na harufu; akisimama kwenye chenyewe, anasikia mlio mdogo na kupata chakula. Anachojifunza ni tofauti. Watoto wangu wanawajua panya hawa, kwa hiyo nilipowaambia "leo tunafundisha panya wa waya", sikuhitaji kueleza sana.

Basi ushauri wangu mkubwa ndio huu: programu ya kwanza ya harufu ianze kwa kunusa hewa tupu. Isome mara mia, ichukue wastani, iuite hewa safi. Baada ya hapo kila namba igawanywe kwa wastani huo. Hewa ikibaki ilivyokuwa, jibu linakuwa karibu na 1. Kikija kitu, linapanda. Darasani tunaiandika hivi, majina ya vigeu (vile visanduku vya kuhifadhia namba) yakiwa kwa Kiswahili ili mtoto asome kama anasoma sentensi:

long jumla = 0;
float hewaSafi;

void setup() {
  pinMode(8, OUTPUT);
  for (int i = 0; i < 100; i++) {
    jumla = jumla + analogRead(A0);
    delay(50);
  }
  hewaSafi = jumla / 100.0;
}

void loop() {
  float uwiano = analogRead(A0) / hewaSafi;
  if (uwiano > 1.5) tone(8, 1000);
  else noTone(8);
  delay(500);
}

Angalieni hilo neno long mstari wa kwanza. Ni aina ya kigeu kinachobeba namba kubwa. Mwanzoni tulikuwa tumeandika int, aina inayobeba namba ndogo zaidi, na ilifanya kazi vizuri kwa karibu kila kikundi. Binti mmoja wa darasa la sita, ambaye alikuwa amepachika mstari wa kuchapisha wastani kwenye skrini, akaniita: "Mwalimu, hewa inaweza kuwa hasi?" Skrini yake ilionesha -255.36. Tukakaa chini na karatasi. Kihisi chake kilikuwa kinasoma karibu 400. Mara mia ni 40,000. Lakini int ya Arduino Uno haibebi zaidi ya 32,767. Ikifika hapo inageukia upande wa hasi, kama mita ya gari inayomaliza tarakimu na kuanza upya. 40,000 ikawa -25,536, igawe kwa mia unapata ile ile ya kwenye skrini. Vikundi vingine vilipona kwa sababu vihisi vyao vilikuwa vinasoma chini. Nimefundisha aina za vigeu mara nyingi ubaoni, na sidhani kama niliwahi kueleweka kama siku ile.

Mambo ya waya niyapitie haraka. Kipasha joto cha MQ-3 hula takriban miliampea 150, kwa hiyo VCC, pini ya kihisi inayopokea umeme, iende kwenye pini ya 5V ya bodi, kamwe isiende kwenye pini za namba. Pini hizo hazina nguvu hiyo na unaweza kuiua bodi. Kihisi kipya kiache kwenye umeme usiku kucha, hata siku nzima, kabla ya kukiamini, na kila siku ya somo kipe angalau dakika kumi na tano za kupata moto. Kikiwa kimewaka, kichwa kinakuwa na joto. Waambie watoto mapema wasishtuke. Pini ya DO iacheni. Inatoa ndiyo au hapana kwa kuzungusha skrubu, na mtoto hajifunzi kitu hapo. Anayetumia ESP32 au micro:bit akumbuke bodi hizo ni za volti 3.3, na AO inaweza kufika 5: aweke rizista mbili, kilo-omu 10 na 20, kuigawa volti kabla haijaingia. Na mtoto asiyeweza bado kuandika mistari anaweza kufanya haya yote kwa mBlock, programu ya kupanga vitalu badala ya kuandika.

Sasa nije kwenye mradi ninaoupenda kuliko yote. Wengi huanza kwa pamba ya spiriti, na ni sawa kwa dakika tano, ila harufu inayokuja na kuondoka haimfundishi mtoto kungoja. Sisi tunatumia uji wa vitumbua. Mchele ulioloweshwa na kusagwa, tui, sukari, iliki. Tunaugawa kwenye madishi mawili ya plastiki yanayofanana: moja lina hamira, lingine halina. Kila kifuniko kina tundu, na kihisi kimepachikwa hapo kikitazama chini, kikiwa na nafasi ya kutosha ili uji ukiumuka usikiguse. Hamira ikila sukari hutoa hewa ya kabonidioksidi, ndiyo inayouinua uji, na hutoa pia pombe kidogo sana ambayo moto wa chuma cha vitumbua utaifukuza. MQ-3 inainusa.

Mwanzo uwiano ni 1 kwa madishi yote. Watoto wanaandika kila baada ya dakika kumi kwenye karatasi ya miraba. Nusu saa ya kwanza haina kitu, na wenye haraka wanaanza kusema kihisi kimekufa. Kisha mstari wa dishi la hamira unaanza kuinuka. Ilipofika saa ya pili tulikuwa tumepita 2, na kupitia plastiki unaona mapovu madogo yanapasuka moja moja juu ya uji. Lakini dishi lisilo na hamira nalo lilikuwa limepanda kidogo, 1.2 hivi. Ikazuka mabishano makali. Mmoja akasema iliki, mwingine unyevu, mwingine akasema kile kihisi ni kibovu. Kijana mkimya wa kidato cha kwanza akasema tubadilishane vifuniko. Tukabadilishana, tukasubiri. Namba zikahama pamoja na uji, hazikuhama pamoja na kihisi, na ile ya uji usio na hamira ikabaki juu kidogo ya 1. Kwa hiyo kihisi kilikuwa kizima. Iliki na unyevu bado hatujazitenganisha. Imeandikwa kwenye daftari kama swali la wazi.

Mtoto akishafika hapo atataka mashine itaje jina la harufu. Kihisi kimoja hakiwezi. Pua ya binadamu ina aina zipatazo 400 za vipokezi, na ubongo unasoma mchanganyiko wa majibu yao. Richard Axel na Linda Buck walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kazi yao juu ya vipokezi hivyo. Mwaka 1982 Krishna Persaud na George Dodd, huko Uingereza, walionesha kwamba hata vihisi vichache vya namna hii, vikisomwa kwa pamoja, vinaweza kutofautisha harufu. Ongezeni MQ-135 kando ya MQ-3. Namba ya kwanza iende mlalo, ya pili iende wima, kila harufu iwe nukta yenye rangi yake. Maganda ya machungwa, spiriti na kitunguu vitajikusanya sehemu tofauti za karatasi, ingawa mipaka yake huingiliana. Ukimaliza hapo, kumweleza mtoto jinsi kompyuta inavyojifunza kutambua vitu ni kazi ndogo.

Kwenye gesi ya kupikia naomba tusichukulie wepesi. Kila mwaka kuna mtoto anayetaka kutengeneza king'ora cha gesi, na nia yake ni nzuri, kwa sababu mitungi imeingia majumbani mwetu kwa wingi. Atengeneze, kwa MQ-2, na ajue kwamba gesi hiyo ni nzito kuliko hewa hivyo kihisi hukaa chini karibu na sakafu. Ila msifungue mtungi wala kiberiti cha gesi kukijaribu, na kifaa cha darasani kisiachiwe kulinda nyumba. Gesi ile hutiwa harufu makusudi ili pua yako iijue. Ukiisikia, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi, toka nje. Na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu kabisa; hiyo waelezeni watoto hata kama hamtajenga chochote.

Jumamosi ijayo wanaleta perege. Mmoja atakaa kwenye barafu, mwingine kwenye kivuli, kila mmoja ndani ya dishi lake lenye MQ-135, maana samaki anayeanza kuharibika hutoa amonia na jamaa zake. Nilipanga madishi mawili. Wao wameniandikia ubaoni tulete matatu, la tatu likae tupu.