Hatari "inayojikusanya" haina tarehe

Ndugu, umeuliza kama Rais George W. Bush, kabla ya kuivamia Iraq mwaka 2003, alisema nchi hiyo ilikuwa karibu kuishambulia Marekani. Angalia neno alilochagua: "inayojikusanya". Lakini kwanza tuone sheria. Kumpiga aliyekwisha kuinua panga kunaweza kuitwa kujihami. Kipimo cha Daniel Webster, waziri wa mambo ya nje wa Marekani miaka ya 1840, kilichotokana na Waingereza kuichoma meli ya Kimarekani Caroline mwaka 1837, kilitaka hatari iwe ya papo hapo, isiyoacha hata muda wa kutafakari. Kumpiga kwa kuhofia kwamba siku moja atanunua panga ni jambo jingine kabisa, na wanasheria wengi hawalikubali.

Sasa, mbele ya Umoja wa Mataifa tarehe 12 Septemba 2002, Bush aliita Iraq hatari kubwa "inayojikusanya". Kama mawingu! Haina saa wala tarehe, utambana wapi? Siku nne kabla, Condoleezza Rice, mshauri wake wa usalama wa taifa, alikuwa amesema hawataki ushahidi uje kwa sura ya wingu la bomu la nyuklia. Hapo anayedai ushahidi ndiye anayeonekana mzembe, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Silaha za maangamizi walizodai Iraq inazo hazikupatikana baada ya uvamizi. Raia wa Iraq walikuwa wameshazikwa kwa maelfu.